Pikipiki za porini za mipigo minne: hitilafu za injini na nani abebe gharama

Na Mwandishi Wetu

Injini ya pikipiki ya porini ikifa wiki mbili baada ya kuuzwa, watu wanne huanza kutupiana mpira. Mnunuzi husema ameuziwa bovu. Muuzaji husema fundi ameharibu. Fundi husema spea ilikuwa feki. Msafirishaji huambiwa kuwa mzigo ulilazwa ubavu njiani. Kila mmoja anaweza kuwa na sehemu ya ukweli, lakini bila kumbukumbu za maandishi hasara humwangukia aliyeishiwa hoja, si aliyekosea.

Makala haya yanaeleza jinsi injini hizi zinavyochakaa, namna ya kutofautisha hitilafu ya kiwandani na matunzo mabaya, na wajibu wa kila mhusika pale bidhaa inapovuka mpaka.

Aina mbili zinazochanganywa sokoni

Kwa macho, pikipiki zote za porini hufanana: mataili yenye meno makubwa, matope marefu, shokapu ndefu na bomba la moshi lililopanda juu. Kiuchumi ni bidhaa mbili tofauti kabisa.

Aina ya kwanza ni pikipiki za kazi. Hapa zimo Yamaha AG200, Honda XR150L, Suzuki DR200 na nyingine za jamii hiyo. Injini hupozwa kwa hewa, nguvu yake ni ya wastani, na ratiba ya matunzo huhesabiwa kwa kilomita. Ndizo zinazofaa kwa mabwana shamba, mashirika ya misaada, askari wa wanyamapori na wasambazaji wa vijijini.

Aina ya pili ni pikipiki za mashindano ya motokrosi. Injini za mipigo minne zilirudi kwa kishindo katika mchezo huo mwaka 1998, Yamaha ilipoanza kuuza YZ400F. Honda ikafuata na CRF450R ya mwaka 2002 na CRF250R ya mwaka 2004. Kabla ya hapo viwanja vilitawaliwa na injini za mipigo miwili, zile za kuchanganya oili na petroli. Injini hizi mpya hupozwa kwa maji, ni nyepesi, na zile za sentimita za ujazo 250 huweza kuzunguka zaidi ya mara 13,000 kwa dakika. Ratiba yake ya matunzo huhesabiwa kwa saa za kuendesha na idadi ya mbio.

Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha migogoro mingi. Ratiba ya matunzo ya Honda CRF450R imeweka pistoni na ringi kuwa vitu vya kubadilishwa kila baada ya mbio 6, au takriban saa 15. Mwendeshaji anayeitumia saa 4 kwa siku hufika hapo siku ya nne. Pistoni hiyo ikivunjika saa ya 60, si lazima kiwanda kiwe kimekosea. Inawezekana ilifanya kazi mara nne ya muda iliyopangiwa.

Ni kweli kwamba saa 15 ni kipimo cha mbio, na mwendeshaji mpole anaweza kusogeza muda mbele. Lakini anayeusogeza ameamua mwenyewe kubeba hatari hiyo.

Sehemu zinazokufa mara nyingi

Valvu. Katika injini ya mipigo minne, valvu hufunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Krenki ikizunguka mara 13,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 6,500 kwa dakika. Ili valvu iwe nyepesi, pikipiki nyingi za mashindano hutumia madini ya titani. Uso wa valvu hiyo hupakwa tabaka gumu na jembamba sana. Tabaka likilika, titani iliyo chini yake huchakaa upesi, valvu huzama katika kiti chake, na nafasi ya tapeti hupungua. Dalili ya kwanza ni injini kuwa ngumu kuwaka, hasa ikiwa ya moto.

Hapa fundi aliyezoea bodaboda anaweza kuongeza tatizo. Valvu ya chuma husagwa kwa dawa ya kusagia ikakaa vizuri. Ya titani haisagwi, kwa sababu kuisaga ni kuliondoa lile tabaka. Hubadilishwa, na kiti chake huchongwa upya kwa mashine. Kuseti tapeti kila wiki kwa kubadilisha shimu ni kuahirisha gharama tu. Valvu ikikatika kichwa, huanguka juu ya pistoni na kuharibu silinda hedi kwa pigo moja.

Pistoni na silinda. Pistoni ya mashindano ni fupi na ina ringi chache ili iwe nyepesi. Silinda yake kwa kawaida ni ya alumini iliyopakwa nikeli yenye chembe za silikoni kabaidi. Silinda hiyo haichongwi kwa pistoni ya ovasaizi kama tunavyofanya kwa silinda zenye silivu ya chuma. Ikikwaruzika, hupakwa upya na kiwanda chenye utaalamu huo au hununuliwa nyingine. Pikipiki nyingi za kazi zina silivu ya chuma, na silinda inaweza kuchongwa ikapokea pistoni ya 0.25, 0.50 na kuendelea. Mfanyabiashara anayeagiza spea lazima ajue tofauti hii kabla ya kufungua oda.

Krenki na beringi ya konrodi. Sehemu hii hutegemea oili kuliko nyingine zote. Injini za mashindano hubeba oili kidogo. Honda CRF450R ya mwaka 2002 ilitenganisha oili ya injini na ile ya gia na klachi, na upande wa injini ulichukua chini ya lita moja. Fundi asiyejua humwaga oili ya upande mmoja na kuacha mwingine. Oili iliyokaa muda mrefu hupoteza unene, beringi hukauka, na injini hunoki.

Cheni ya taimingi. Ikilegea, hupiga kelele upande wa silinda na taimingi hubadilika. Ikikatika au kuruka meno, valvu na pistoni hugongana.

Filta ya hewa. Ni spea ya bei ndogo inayoua spea za bei kubwa. Filta ya sponji lazima ilowekwe kwa oili maalumu ya filta ili inase vumbi. Ikikauka, ikichanika au isipokaa vizuri kwenye kiti chake, mchanga hupita. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko vyuma vingi vya injini, hivyo hufanya kazi ya msasa juu ya ringi, silinda na valvu za kuingiza hewa. Katika barabara za vumbi, filta huweza kuhitaji kusafishwa kila siku.

Kusoma spea iliyokufa

Kabla ya kulaumiana, spea ifunguliwe mbele ya pande zote, ipigwe picha na ihifadhiwe. Spea nyingi huonyesha wazi kilichoziua.

• Pistoni yenye mikwaruzo ya kijivu isiyo na mng'ao, ringi nyembamba, na vumbi ndani ya bomba la kuingiza hewa: vumbi limepita. Huo ni wajibu wa aliyekuwa akitunza filta.

• Pistoni iliyokwaruzika pande nne: joto kali, mara nyingi injini ilipewa mzigo kabla haijapata moto, au haikuwa na maji ya kutosha.

• Vishimo vidogo juu ya pistoni kana kwamba imedonolewa: petroli dhaifu, plagi isiyo sahihi au mchanganyiko wenye petroli kidogo mno.

• Beringi ya konrodi iliyobadilika rangi kuwa ya bluu: oili ilikosekana.

• Valvu za kuingiza hewa zilizozama huku za kutoa moshi zikiwa salama: mara nyingi vumbi, au tabaka la titani limeisha.

• Chuma kilichovunjika kikiwa na mistari inayofuatana kama mawimbi ya ufukweni: ufa ulianza zamani ukakua kidogo kidogo. Mistari ikianzia kwenye tundu au uchafu ulio ndani ya chuma, hoja ya hitilafu ya kiwandani ina nguvu. Ikianzia kwenye alama ya nyundo au bisibisi, aulizwe fundi.

Hitilafu ya kiwandani ina tabia zake. Hujitokeza mapema, hujitokeza hata kwa aliyefuata ratiba, na hujirudia kwa pikipiki nyingine za toleo hilohilo. Uchakavu huja kwa saa na kilomita. Ndiyo maana namba ya injini na namba ya chesisi ni muhimu, kwani ndizo zinazoonyesha kama pikipiki imo katika kundi lililoitwa kurekebishwa na kiwanda. Marekani, pikipiki zisizo za barabarani husimamiwa na tume ya usalama wa bidhaa za walaji, CPSC. Zile za barabarani husimamiwa na NHTSA. Anayeagiza mtumba kutoka huko akague sehemu zote mbili.

Nani ana wajibu gani

Kiwanda huwajibika kwa ubora wa chuma, vipimo na usanifu. Waranti zake kwa kawaida haziingizi uchakavu wa kawaida, matumizi ya mashindano, spea zilizobadilishwa umbo wala uharibifu wa vumbi. Pikipiki za motokrosi mara nyingi huuzwa bila waranti au kwa waranti fupi sana. Mnunuzi asidhani kwamba nembo kubwa kwenye tanki ni waranti.

Mwagizaji na muuzaji wanawajibika kwa maelezo waliyotoa. Akisema "hii inafaa kwa kusambaza bidhaa vijijini" huku akijua ni ya mbio, maneno yake yana uzito kisheria.

Fundi anawajibika kwa kazi yake na kwa spea aliyoichagua. Spea ikiletwa na mteja, fundi aandike hivyo kwenye risiti.

Mwenye pikipiki anawajibika kwa oili, filta, maji na kufuata ratiba. Pikipiki ikiwa ya kampuni, wajibu huo ugawiwe kwa jina la mtu. Pikipiki inayoendeshwa na madereva watatu bila daftari haina mwenyewe.

Wachumi wana maelezo ya hali hii. Mwaka 1970 George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba muuzaji akijua ubovu asioujua mnunuzi, wanunuzi hushusha bei kwa wote, na wenye bidhaa nzuri hujitoa sokoni. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Kwa biashara yetu somo ni hili: daftari la matunzo ni sehemu ya bei. Pikipiki yenye daftari na mita ya saa inaweza kuuzwa ghali zaidi kwa haki, na asiyenalo asishangae kupunguziwa.

Sheria zinasemaje

Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya (Sura ya 31) na Tanzania (Sura ya 214) zina mizizi katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Msingi wake ni kwamba mnunuzi ajihadhari, lakini upo msamaha. Katika sheria ya Kenya, kifungu cha 16, mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanya na akategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Aidha, inayouzwa kwa maelezo na mfanyabiashara wa bidhaa hizo inapaswa kuwa na ubora wa kuuzika. Hata hivyo, mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuionyesha.

Uganda ilitunga sheria mpya ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma mwaka 2017, nayo inagusa pia kazi ya fundi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na Burundi zina mapokeo ya sheria ya Ulaya bara, ambako muuzaji huwajibika kwa kasoro zilizofichika. Congo imekuwa pia katika mfumo wa OHADA tangu mwaka 2012, na mauzo kati ya wafanyabiashara hufuata kanuni za mfumo huo. Katika mifumo yote hii, kuchelewa kutoa taarifa hudhoofisha dai. Injini ikinoki leo, barua au ujumbe wa maandishi uende leo.

Kwa spea bandia, Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008. Tanzania hutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Plagi, beringi na filta ni miongoni mwa spea zinazoigwa sana. Kumbuka kwamba spea isiyo ya kiwanda cha pikipiki si lazima iwe bandia. Kampuni nyingi hutengeneza spea mbadala kwa jina lao wenyewe, na hiyo ni biashara halali. Bandia ni ile inayovaa jina la mwingine.

Mpakani na safarini

Kwanza, waranti. Waranti nyingi za wakala huishia katika nchi aliyouzia. Pikipiki iliyonunuliwa Nairobi na kuvushwa Namanga au Busia inaweza kumlazimu mwenyewe kuirudisha Nairobi kwa gharama zake. Jambo hili liulizwe kabla ya kulipa na lijibiwe kwa maandishi.

Pili, uainishaji wa forodha. Pikipiki nzima huingia katika kichwa 8711. Spea zake za jumla zimo katika 8714.10, lakini pistoni, ringi na valvu ni spea za injini na huangukia 8409.91. Beringi ni 8482, filta ya hewa ni 8421.31, plagi ni 8511.10. Anayeandika kila kitu "spea za pikipiki" hujitafutia kuchelewa na tozo zisizo sahihi.

Tatu, masharti ya bei. Chini ya Incoterms 2020, mzigo wa CIF huwa hatarini kwa mnunuzi tangu unapopakiwa melini katika bandari ya kuanzia, ingawa muuzaji ndiye anayelipa nauli na bima. Na bima ya mizigo, hata ile pana ya kundi A, haifidii ubovu uliotokana na bidhaa yenyewe. Injini iliyopakiwa ikiwa mbovu haiwi ajali ya baharini.

Nne, namna ya kupakia. Pikipiki ni mzigo wa namba UN 3166 katika kanuni za bidhaa hatari za baharini, hivyo taratibu za kumwaga petroli na kuchomoa betri zifuatwe. Isimamishwe wima na ifungwe kwa mikanda. Ikilazwa, oili huweza kuingia kwenye boksi la filta na juu ya pistoni. Anayeiwasha bila kutoa plagi na kuizungusha taratibu anaweza kupinda konrodi, kwa sababu oili haibanwi kama hewa. Hapo msafirishaji na mpokeaji watagombana kuhusu kosa ambalo dakika tano zingelizuia.

Hesabu kabla ya kununua

Tuchukue mfano wa kuhesabia tu, kwa shilingi za Tanzania. Pikipiki ya mashindano inabadilishiwa pistoni, ringi na gasketi kwa 450,000 kila saa 15, sawa na 30,000 kwa saa. Oili na filta ni 60,000 kila saa 5, sawa na 12,000 kwa saa. Jumla ni 42,000 kwa saa. Kwa saa 4 kwa siku, ni 168,000 kila siku kabla ya petroli na mataili.

Pikipiki ya kazi inabadilishiwa oili kwa 24,000 kila kilomita 2,000, yaani 12 kwa kilomita. Ovahoo ya 900,000 kila kilomita 30,000 ni 30 kwa kilomita. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, jumla ni 1,260 kwa saa. Msomaji aweke bei za sokoni kwake, lakini pengo halitatoweka. Pikipiki ya mashindano iliyotumika inapouzwa kwa bei rahisi kuliko ya kazi, sababu kubwa ni hiyo.

Mambo ya kuandika siku ya mauziano

1. Aina kamili, mwaka, namba ya injini na namba ya chesisi.
2. Saa au kilomita zilizosomeka, na kama mita iliwahi kubadilishwa.
3. Tarehe ya mwisho ya kubadilisha pistoni, oili na kupima tapeti, pamoja na risiti.
4. Kazi ambayo mnunuzi amesema ataifanya.
5. Kilichomo na kisichomo katika waranti, muda wake na nchi inakotumika.
6. Nani atafungua injini ikiharibika, na mbele ya nani.
7. Hali ya mzigo wakati wa kupokelewa na msafirishaji, kwa picha na sahihi.

Karatasi moja yenye mambo hayo saba haizuii injini kufa. Inachofanya ni kuonyesha, siku itakapokufa, bili iende kwa nani. Kwa mwenye pikipiki kumi barabarani, hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya hasara ya spea moja na kesi ya mwaka mzima.